Nilibashiri bei, nikasahau kuhesabu hisa

Mwanzoni mwa Agosti 2012 nilifungua akaunti yangu ya hisa usiku, watoto wamelala, nikakuta Fibrek haipo tena. Mahali pake palikuwa na mistari mipya: hisa 113 za Resolute, kampuni iliyoinunua, kwenye akaunti ya kawaida, hisa 170 kwenye ile isiyotozwa kodi, na dola 5,500 za Kanada zimegawanywa humohumo. Hisa zangu 10,000 ziligeuka hivyo bila mimi kubonyeza kitu. Hata vipande vya hisa vilivyobaki kwenye hesabu vilipunguzwa, ndiyo maana ni 283 na si 284. Nilikaa nikiitazama ile hisa moja iliyopungua kana kwamba ndiyo iliyoniumiza.

Naandika kwa ajili ya mtu anayeshika hisa chache za kampuni ambayo wakubwa wawili wameanza kuigombea. Ukiwa katika hali hiyo utajiona una bahati. Mimi nilijiona hivyo kwa miezi mitano.

Fibrek ilikuwa kampuni ya Quebec iliyotengeneza rojo ya karatasi, yaani nyuzi za mbao zilizopikwa na kusafishwa, ambazo viwanda vingine huzigeuza kuwa karatasi za chooni, za kuandikia na kadhalika. Zamani iliitwa SFK Pulp. Jina lilibadilishwa 2010. Ilikuwa na viwanda vitatu: kimoja Saint-Félicien, kaskazini mwa Quebec, kinachotumia miti laini ya misitu ya baridi, na viwili Marekani, Fairmont na Menominee, vilivyotengeneza rojo kutokana na karatasi zilizokwisha tumika. Vyote kwa pamoja viliweza kutoa tani 760,000 kwa mwaka. Nilinunua hisa 4,000 mapema 2011 kwa dola moja na senti kumi kila moja. Sababu yangu haikuwa ya kitaalamu: bei ya rojo duniani ilikuwa juu, na nilisoma kwamba kiwanda cha Saint-Félicien kinauzia Hydro-Québec, shirika la umeme la jimbo, umeme unaotokana na mabaki ya mbao. Nikasema, kampuni yenye vyanzo viwili vya mapato haiwezi kufa haraka. Kisha bei ya rojo ikashuka, na hisa nayo ikashuka hadi senti sabini na kitu. Nikaacha kuitazama.

Mwishoni mwa Novemba 2011, AbitibiBowater, kampuni kubwa ya karatasi ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujiita Resolute Forest Products, ikatangaza kwamba inataka kuinunua Fibrek kwa dola moja kwa hisa. Ungeweza kuchagua fedha taslimu, hisa za Resolute, au mchanganyiko wa senti 55 taslimu na 0.0284 ya hisa ya Resolute. Ndani ya wiki mbili hivi ofa rasmi ikaletwa. Bodi ya Fibrek ikasema bei hiyo ni ndogo mno, ikawaambia wanahisa wasiikabidhi Resolute hisa zao, na ikaweka kile kinachoitwa kidonge cha sumu: mpango unaowapa wanahisa wengine haki ya kununua hisa kwa bei chee endapo mtu atajaribu kuichukua kampuni bila kukubaliana na bodi.

Hapo ndipo utabiri ulipoanza. Nilikuwa na mzee mmoja hapa Montreal, mhasibu mstaafu, ambaye naye alikuwa na hisa hizo, nyingi kuliko zangu. Tulikuwa tukipigiana simu kila jioni.

"Shikamoo mzee. Umeona leo imefungaje?"

"Marahaba mwanangu. Nimeona. Hawa wataongeza. Hakuna anayefungua biashara kwa bei yake ya mwisho."

Kila jioni ni hayo. Wataongeza hadi ngapi? Moja na ishirini? Kuna Mchina nyuma ya pazia? Yule aliyeuza furushi kubwa saa tisa alasiri alijua nini? Sasa nikikumbuka naona kwamba mazungumzo yote yalihusu bei. Hatukuwahi hata siku moja kuulizana swali lingine, na jibu la swali hilo lilikuwa limechapishwa tangu siku ya kwanza kwenye waraka wa ofa, waraka ambao nyumbani kwangu ulikuwa umekaa juu ya friji chini ya bili ya simu.

Waraka ulisema hivi: wanahisa wenye karibu asilimia 46 ya Fibrek walikuwa wameshasaini kuiuzia Resolute. Kubwa kati yao lilikuwa shirika la bima na uwekezaji la Fairfax Financial, ambalo wakati huohuo lilikuwa mwanahisa mkubwa wa Resolute pia. Na mikataba yao ilikuwa ya aina ngumu. Zipo ahadi laini, ambazo mwenye hisa anaruhusiwa kujitoa akija mnunuzi mwenye bei nzuri zaidi. Hizi hazikuwa hivyo. Aje nani, alete nini, hisa hizo zilikuwa zimeshafungwa.

Nililisoma neno hilo lakini sikulielewa uzito wake. Nilidhani mtu mwenye akili hawezi kukataa dola moja na senti thelathini eti kwa sababu aliahidi kuuza kwa dola moja. Sikujiuliza kwamba anayemiliki pande zote mbili, kile anachokipoteza kama muuzaji anakipata kama mnunuzi.

Februari 2012 akaja mgeni. Mercer International, kampuni yenye makao Vancouver na viwanda vya rojo Castlegar, British Columbia, pamoja na Rosenthal na Stendal nchini Ujerumani, ikatangaza dola 1.30 kwa hisa. Bodi ya Fibrek ikaikumbatia. Mzee alinipigia saa moja asubuhi, sijawahi kumsikia akicheka vile. Siku zilizofuata bei sokoni ikapita ofa yenyewe kidogo, na hilo tukalisoma kama unabii: soko linajua kuna nyongeza inakuja. Na kweli, baadaye Mercer ilipanda hadi 1.40.

Nifafanue jambo hili kwa sababu lilinigharimu. Bei ya sokoni ikiwa juu ya ofa, maana yake watu wanategemea ofa kubwa zaidi. Ikiwa chini, wana shaka kama ofa itakamilika. Hilo ni kweli. Lakini "watu" hao ni pamoja na mimi na mzee. Tulikuwa tunanunua kwa matumaini, kisha tunatazama bei iliyopandishwa na matumaini yetu, tunasema: unaona, soko nalo linakubali.

Nikanunua hisa 6,000 nyingine kwa dola 1.33. Fedha zile zilikuwa sehemu ya malipo ya awali ya nyumba. Sikumwambia mke wangu. Nilipanga nimwambie nikishauza, nimshangaze. Na nilizinunua ndani ya akaunti isiyotozwa kodi, nikijua faida yangu itakuwa safi. Shida ni kwamba mlango huo ni wa upande mmoja. Faida ndani ya akaunti ile haikatwi kodi, lakini hasara nayo haihesabiki popote. Hasara ya zile hisa 4,000 kwenye akaunti ya kawaida ingeweza kutumika kupunguza kodi ya faida nyingine, miaka mitatu nyuma au mbele bila kikomo. Ile ya hisa 6,000 ilipotea yote, na nafasi ya kuweka akiba niliyoitumia ikapotea nayo. Mtu akiniomba ushauri mmoja tu kuhusu kubahatisha kwenye ofa, namwambia asibahatishe ndani ya akaunti hiyo. Wengi hufanya kinyume.

Turudi kwa Mercer. Kwa nini bodi ilikuwa imewapa pia zile hati maalumu za kupata hisa mpya? Wakati wa kutangaza ofa, Fibrek ilikubali kuiuzia Mercer hati 32,320,000, kila moja ikigeuka kuwa hisa moja, kwa dola moja. Mimi na mzee tulilalamika tu kwamba wanapewa kwa dola moja wakati sisi tunaambiwa hisa ina thamani ya 1.30. Sababu yenyewe hatukuitafuta.

Niliipata usiku mmoja wa mwisho wa Machi, nyuma ya bahasha ya hati yangu ya mshahara. Bado ninayo. Nimeandika: hisa zote, milioni 130. Zilizofungwa, asilimia 46, kama milioni 60. Zinabaki milioni 70. Mercer anahitaji zaidi ya nusu, milioni 65. Kwa hiyo katika kila hisa 100 zilizobaki mikononi mwa watu kama mimi, mzee, wastaafu, na watu waliosahau kwamba wanazo, Mercer angehitaji zaidi ya 92. Hakuna ofa inayokusanya hivyo. Kuna watu wamehama hawana anwani, kuna waliokufa, kuna wasiofungua barua.

Kisha mstari wa pili. Ukiongeza hati zile, hisa zote zinakuwa milioni 162. Nusu ni milioni 81. Mercer tayari anazo 32 mkononi, kwa hiyo anahitaji 49 kati ya 70. Hiyo ni saba katika kila kumi. Inawezekana.

Kumbe hati zile ndizo zilizokuwa ofa yenyewe. Bila hizo, 1.30 au 1.40 au hata 1.60 zilikuwa namba za kupendeza tu. Swali la kuuliza tangu mwanzo lilikuwa: je, hati zitasimama? Na swali hilo halikuwa la bei, lilikuwa la sheria.

Nilifanya hesabu hiyo baada ya mahakama kuamua, si kabla.

Mwendo wa kesi ulikuwa hivi. Resolute ililalamika, na Februari 23 baraza la Quebec linaloamua migogoro ya masoko ya fedha, Bureau de décision et de révision, likazizuia hati hizo, likiziona ni mbinu isiyofaa ya kujihami inayowanyima wanahisa nafasi yao. Machi 9 Mahakama ya Quebec ikautengua uamuzi huo. Siku hiyo nililala usingizi mtamu. Machi 27 Mahakama ya Rufaa ya Quebec ikaurudisha uamuzi wa baraza. Hati zikafa. Bei ikaanza kuporomoka asubuhi hiyohiyo.

Wakati huo hisa zangu zote 10,000 nilikuwa nimeshazikabidhi kwa Mercer. Hili ni kosa ambalo sijaona likielezwa vizuri mahali. Unapokabidhi hisa kwa mtoa ofa kupitia dalali, hisa zinabaki zako lakini zimefungwa. Huwezi kuziuza sokoni mpaka uzitoe kwanza. Haki ya kuzitoa unayo hadi pale mnunuzi atakapozichukua. Lakini haki ni jambo moja na muda ni jingine. Nilipiga simu kwa dalali wangu saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Nikawekewa muziki. Kijana aliyepokea hakujua ofa ipi nazungumzia, maana zilikuwa mbili kwa kampuni moja. Akanihamishia idara nyingine, wakaniambia niandike barua pepe, kisha nisubiri siku mbili au tatu za kazi. Hisa ziliporudi, bei ilikuwa jirani na dola moja, na mimi nilikuwa nimeingiwa na ile ndoa mbaya ya hasira na tumaini: siuzi kwa dola moja kitu nilichonunua kwa 1.33, na Mercer bado wana Mahakama ya Juu ya Kanada mbele yao.

Kwa hiyo mambo mawili hapo. Usikabidhi mapema. Hakuna zawadi ya kuwahi. Ofa inahesabu hisa siku ya mwisho, na hadi siku hiyo hisa iliyo huru ina thamani kuliko iliyofungwa. Lakini pia usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye waraka, maana hiyo ni tarehe ya mtoa ofa. Dalali ana yake, inayotangulia kwa siku kadhaa. Piga simu siku unapopata waraka, uliza tarehe yao na saa, uliza kutoa hisa kunachukua siku ngapi, uliza kama wanatoza ada. Andika jina la uliyezungumza naye.

Baada ya hapo Mercer haikushinda popote, na mwishowe ikaondoka. Resolute ikaendelea kupokea hisa kwa bei yake ileile, bila kuongeza hata senti. Mzee aliyesema hakuna anayefungua biashara kwa bei ya mwisho alinyamaza. Mei alinipigia akasema amekabidhi zote kwa Resolute. "Mwanangu, mimi sina miaka ya kungoja mahakama." Nilimwona amekata tamaa mapema. Kumbe yeye alichokipata ndicho nilichokuja kukipata mimi, ila yeye alikipata mapema na akalala.

Kufikia Julai Resolute ilikuwa na karibu robo tatu ya hisa zote. Theluthi mbili zilitosha kupitisha muungano kwenye mkutano wa wanahisa, na Julai 31, 2012 sisi tuliobaki tukafagiliwa. Hapo ndipo zilipotoka zile senti 55 na 0.0284. Ofa ilipotangazwa, mchanganyiko huo ulikuwa sawa na dola moja. Katikati ya 2012 hisa ya Resolute ilikuwa imeshuka, kwa hiyo "dola" yetu haikuwa tena dola. Mtu akikupa hisa zake kama malipo, bei yake inaendelea kucheza hadi siku unayopokea. Mimi nilikuwa nikisema "dola moja" kichwani miezi minane kana kwamba ni noti.

Nilipokuja kuziuza zile 283 na kujumlisha kila kitu na ada, hasara ilikuwa dola elfu nne na ushee. Laiti ningeziuza zile 4,000 za mwanzo sokoni wiki aliyokuja Mercer, kwa moja na thelathini, ningetoka na faida kama ya dola mia nane na nikaenda zangu. Nilimwambia mke wangu Septemba. Hakugomba. Aliuliza, "Zile za nyumba?" Nikasema ndiyo. Akaenda jikoni, na kwa muda wa wiki moja hivi tuliongea kuhusu watoto tu.

Kuna mlango mmoja ambao sikuujua hadi ulipofungwa. Sheria ya kampuni ya Kanada inampa mwanahisa anayepinga muungano wa namna ile haki ya kusema: sikubali bei yenu, mahakama ipime thamani ya haki. Lakini pingamizi linapelekwa kwa maandishi mkutanoni au kabla yake, kuna muda mfupi wa kudai malipo baada ya hapo, na anayetambuliwa ni yule ambaye jina lake limo kwenye rejista ya kampuni. Jina langu halikuwamo. Ukinunua hisa kupitia dalali, kwenye rejista linaandikwa jina la taasisi inayozihifadhi kwa niaba ya maelfu ya watu. Kuhamishia jina lako kunawezekana, kunachukua siku, na kuna ada. Nilipouliza, kwa udadisi tu, ilikuwa katikati ya Agosti.

Wachache waliofuata njia hiyo walikaa mahakamani miaka saba. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Quebec ikasema thamani ya haki ya hisa moja ya Fibrek ilikuwa dola 1.99, jumla kama dola milioni 31 kwa wote waliopinga, ukiacha riba. Resolute ikakata rufaa. Sidai kwamba ningeweza kuwa mmoja wao. Kesi ya namna hiyo inahitaji mawakili na wathamini, na mtu wa hisa 10,000 peke yake angeliwa na gharama. Ila ningeweza kuuliza kama kuna kundi. Sikuuliza kwa sababu sikujua swali lenyewe lipo.

Sheria nazo zimebadilika tangu wakati wetu. Mwaka 2016 Kanada iliongeza muda ambao ofa ya namna hii lazima ibaki wazi, kutoka siku 35 hadi 105, na mnunuzi sasa hawezi kuchukua hisa mpaka zaidi ya nusu ya hisa zisizo zake ziwe zimekabidhiwa. Ikifikia hapo, anawapa waliobaki siku kumi zaidi za kujiamulia. Kwa hiyo unayo nafasi ya kukaa na waraka ambayo sisi hatukuwa nayo kwa kiwango hicho. Waraka ukifika, ruka kurasa za mwanzo zenye sifa za kampuni. Tafuta palipoandikwa ni nani ameshasaini, kwa asilimia ngapi, na kama anaweza kujitoa. Tafuta kiwango cha chini cha hisa anachohitaji mnunuzi. Chukua bahasha.

Mzee nilimpelekea ile yangu alipokuwa amelazwa, tukaipitia pamoja kitandani pake. Uhasibu ulikuwa bado haujamtoka. Alivaa miwani, akafuata namba kwa kidole, kisha akaniuliza kwa nini milioni 65 na si milioni 65 na hisa moja.